Maswali ya Wasomaji: Kikombe cha Jioni na Usingizi wa Usiku

Baridi ya mwezi Juni inapoanza kushuka milimani, barua zinazofika mezani kwetu hubadilika. Wasomaji wa Mufindi, Njombe, Makete na Rungwe, ambao miezi mingine huuliza juu ya lishe ya watoto au shinikizo la damu, huanza kuuliza juu ya usingizi na juu ya kile wanachokunywa kabla ya kupanda kitandani. Toleo hili tumelitenga kwa ajili yao. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Kamwene. Mimi ni mama wa familia hapa Mafinga. Kipindi hiki cha baridi tumezoea kunywa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi saa tatu usiku, ndipo tulale. Wenzangu wanalala, lakini mimi nabaki nikigeukageuka hadi saa saba. Mama mkwe anasema tangawizi ndiyo inayochemsha damu. Je, niiache?

Kamwene, mama. Tangawizi usiiache. Haina kitu kinachomnyima mtu usingizi, isipokuwa kwa yule ambaye humletea kiungulia anapojilaza. Kinachokukesha ni majani ya chai yaliyomo kwenye sufuria hiyohiyo.

Mtu anaposhinda kutwa akifanya kazi, ubongo wake hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo anavyolemewa na usingizi. Kafeini iliyomo kwenye chai na kahawa huwahi kukaa mahali ambapo adenosini ilipaswa kukaa, na hivyo ubongo haupati habari kwamba mwili umechoka. Uchovu haujaondoka, umefichwa tu. Kikombe cha kawaida cha chai kina miligramu 40 hadi 50 za kafeini, na chai tunayoipika sisi, ambayo majani huchemka muda mrefu mpaka rangi ikolee, huweza kuzidi hapo. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini aliyoinywa huwa ingali mwilini baada ya muda wa saa tano hivi. Maana yake ni kwamba chai yako ya saa tatu usiku, ifikapo saa nane usiku, bado imebaki nusu. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini, ambazo ni sawa na vikombe vinne hivi vya kahawa, zilipunguza usingizi wa watu kwa zaidi ya saa moja hata pale zilipotumiwa saa sita nzima kabla ya kulala.

Kwa nini basi wenzako walale? Miili haisagi kafeini kwa kasi moja. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kafeini hukaa mwilini mwako muda mrefu zaidi, na kwa mama mjamzito, hasa miezi ya mwisho, muda huo huongezeka sana. Hata hao wanaolala mara wanapoweka kichwa kwenye mto, usingizi wao mzito hupungua bila wao kutambua.

Sisemi haya kwa kuidharau chai. Mufindi na Rungwe zinaishi kwa chai, na mimi ni mpenzi wake. Ninachokuomba ni kuihamishia asubuhi, kikombe cha mwisho kisipite saa nane mchana, na usiku ubakize kila kitu isipokuwa majani. Twanga kipande cha tangawizi mbichi cha ukubwa wa kidole gumba, ukichemshe kwenye vikombe viwili vya maji pamoja na iliki tatu zilizopasuliwa na kijiti cha mdalasini kwa dakika kumi, ndipo umimine vikombe viwili vya maziwa na kuyaacha yachemke mpaka yaumuke. Usitangulize maziwa, kwa sababu tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoyakatisha, na kuchemka kwanza kwenye maji ndiko kunakokimaliza nguvu. Chuja, weka sukari kidogo, kisha mnywe wote saa mbili usiku badala ya saa tatu. Jipe wiki mbili kabla ya kuamua kama imesaidia, na katika siku za mwanzo usishangae ukiumwa kichwa kidogo, kwa kuwa mwili uliozoea chai ya usiku huidai.

Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu wa miaka 68, naishi Tukuyu na nina ng'ombe wawili wa maziwa. Nimesoma kwamba maziwa ya moto yana kirutubisho cha usingizi. Kila usiku nakunywa vikombe viwili kabla ya kulala. Usingizi unakuja haraka, lakini naamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Nifanyeje?

Shikamoo, mzee wangu. Ulichosoma kina ukweli ndani yake, ila kimekuzwa. Maziwa yana asidi amino iitwayo triptofani, ambayo mwili huitumia kutengeneza serotonini na kutokana nayo melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia. Hata hivyo kikombe kimoja kina miligramu 100 tu au karibu na hapo, ilhali majaribio yaliyoonyesha triptofani ikileta usingizi yalitumia gramu 1 na zaidi ikiwa peke yake. Ndani ya maziwa inabidi ishindanie njia ya kuingia ubongoni na asidi amino nyingine nyingi. Manufaa ya maziwa yako yako kwingine: yanaondoa njaa ya yule aliyekula chakula cha jioni mapema, yanatuliza tumbo, na kwa kuwa unayanywa saa ileile kila siku, mwili umejifunza kwamba baada yake ni kulala. Mazoea ya namna hiyo yana nguvu kubwa, na sitaki uyapoteze.

Punguza kipimo. Kunywa nusu kikombe, na unywe saa mbili usiku ikiwa unalala saa nne, ili kibofu kipate muda wa kumwaga kilichoingia. Ikiwa miguu yako huvimba jioni, keti alasiri ukiwa umeiinua juu ya kigoda kwa muda, kwa sababu maji yaliyotuama miguuni mchana hurudi kwenye damu unapojilaza, na figo huyatoa usiku. Ikiwa unatumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, muulize daktari wako kama inafaa kuzimeza asubuhi, usibadilishe mwenyewe. Lakini, mzee wangu, kuamka mara nne si jambo la kulaumu maziwa peke yake. Katika umri wako ni lazima tezi dume ichunguzwe na sukari ipimwe, hasa kama una kiu isiyoisha au umepungua uzito.

Neno moja zaidi kuhusu hao ng'ombe wawili. Maziwa yanayotoka zizini yachemshwe mpaka yaumuke, yasiishie kupashwa moto tu, hata kama mnywaji ni mwenye ng'ombe na anawaamini wanyama wake. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na brusela yenyewe huleta homa za vipindi, maumivu ya viungo na jasho la usiku linaloharibu usingizi kuliko chai yoyote.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Njombe. Nakunywa kahawa ili nisome hadi saa saba usiku, halafu nakunywa kakao ya moto ili nilale. Kakao inaletwa na mjomba kutoka Kyela. Je, ni sahihi?

Marahaba, mwanangu. Kakao ya Kyela ni nzuri, na kikombe chake kina kafeini kidogo, kwa kawaida chini ya miligramu 10, ingawa ina pia theobromini ambayo nayo huchangamsha mwili polepole. Ukiinywa mapema jioni haina shida kwa watu wengi. Shida ni kahawa inayoitangulia, ambayo kakao haiwezi kuifuta.

Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na anayelala saa saba usiku ili awahi namba asubuhi hapati hata nusu ya kiwango cha juu. Jambo linaloniumiza ni kwamba usingizi ndio muda ambao ubongo unapanga na kuhifadhi yale uliyoyasoma, kwa hiyo saa unazoziiba usiku unazitoa kwenye masomo yaleyale unayoyapigania. Anza kusoma mapema, funga vitabu ifikapo saa nne, na kama unapenda ladha ya kahawa, tumia kahawa ya soya, ile inayotengenezwa kwa maharage ya soya yaliyokaangwa na kusagwa, ambayo inapatikana kwa urahisi huko kwenu na haina kafeini. Soma lebo tu, kwa sababu wapo wanaoichanganya na kahawa halisi.

Tunaishi Makete, karibu na Kitulo, na usiku huwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani na kuweka birika la maji ya tangawizi juu yake, ili anayeamka apate cha moto. Naamka asubuhi kichwa kinaniuma na sina nguvu, kama mtu ambaye hakulala. Nikitoka nje napata nafuu. Je, ni tangawizi imezidi?

Ndugu yangu, laiti ungeandika namba ya simu, nisingesubiri toleo hili. Jiko hilo lisiingie tena chumbani, kuanzia leo, hata kama barafu imetanda nje na watoto wanalalamika. Kichwa kinachouma asubuhi na kupona ukitoka nje ni dalili ya sumu ya kaboni monoksidi, gesi inayotolewa na mkaa unaowaka. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu wala haimwashi macho. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba hewa ambayo moyo na ubongo vinaitegemea. Wengi hudhani kwamba mkaa ukishashika moto vizuri na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Aliyelala hasikii dalili yoyote ya kumwamsha, na familia nzima huweza kufa katika chumba kimoja. Ninyi nyote mnaolala humo mwende kituo cha afya mkaeleze kama mlivyonieleza mimi.

Cha moto cha usiku kinapatikana kwa njia nyingine. Chemsheni maji ya tangawizi jikoni, myatie kwenye chupa ya chai nzuri mliyoisuuza kwanza kwa maji ya moto, na hata alfajiri yatakuwa na uvuguvugu wa kutosha. Kuhusu joto la mwili, kuna jambo ambalo watu wengi wa nyanda za juu wanalijua kwa mazoea. Ili mtu alale, joto la ndani ya mwili linahitaji kushuka kidogo, na hushuka pale damu inapokimbilia mikononi na miguuni na kutolea joto huko. Miguu ikiwa baridi kama jiwe, mishipa yake imejikunja na usingizi unachelewa. Ndiyo maana kuoga au kuosha miguu kwa maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala kunasaidia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, waliokusanya tafiti nyingi na kuzipitia mwaka 2019, waliona kwamba maji ya nyuzijoto 40 hadi 42 hivi, hata kwa dakika 10 tu, huharakisha usingizi. Kausheni miguu vizuri, vaeni soksi za sufu, na kila mtoto alale karibu na mwenzake chini ya mablanketi mazito.

Nizungumzie pia joto la kinywaji chenyewe, kwa kuwa huko juu kila mtu hupenda kunywa kikiwa kinafuka. Mwaka 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzijoto 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ambako saratani hiyo ni nyingi. Makete maji huchemka kwenye nyuzijoto 91 au 92 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo kikombe kilichomiminwa sasa hivi bado kiko mbali mno na kipimo cha usalama. Mimina, kiache dakika kadhaa, na ukiona unalazimika kupuliza na kufyonza kwa kelele, jua kwamba muda wake bado.

Mimi ni mfanyabiashara wa Mwanjelwa. Wengine wananishauri mchaichai, wengine kamomili, na wapo wanaouza unga wa mizizi wanaosema unalaza mtu kama mtoto. Nichague kipi? Nina mtoto wa miezi minane ambaye naye halali vizuri.

Chagua mchaichai, mama, lakini kwa sababu zilizo za kweli. Watafiti wa Brazil waliwapa watu mchaichai mwaka 1986 na hawakuona ukileta usingizi kama dawa. Hata hivyo hauna kafeini, harufu yake inatuliza, unaota nyuma ya nyumba bila gharama, na mtu anayeketi dakika kumi akiunywa polepole baada ya kutwa nzima ya kusimama sokoni amekwisha kuanza kupumzika. Majani matatu au manne mabichi, yaliyofungwa fundo na kuchemshwa dakika tano, yanatosha birika dogo. Kamomili nayo ni salama kwa walio wengi, na ushahidi wa kwamba inasaidia usingizi upo lakini ni mdogo, kwa hiyo sioni haja ya kulipia pakiti ya bei kubwa.

Unga wa mizizi usioujua jina usiunywe. Siyadharau maarifa ya wazee wetu, ila mzee anayejua mti huutaja, huonyesha kipimo, na huuliza unatumia dawa gani nyingine. Ukiwa kwenye dawa za kifafa, za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI, mizizi hiyo huweza kugombana nazo.

Mtoto wako usimpe chochote kati ya hivi. Maziwa yako na uji wake vinamtosha, na asali kabla hajatimiza mwaka mmoja ni hatari, kwa kuwa huweza kubeba vimelea vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli, ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvizuia. Kuamka usiku kwa umri huo ni kawaida, na inapoambatana na homa au kukataa kunyonya, mpeleke kliniki.

Baba yangu, mkazi wa Iringa Vijijini, anasema ulanzi kidogo wa jioni ndio kinywaji bora cha usingizi. Ana haki?

Anachokiona ni kweli kwa nusu ya usiku. Pombe humwahisha mtu kulala, iwe ulanzi, iwe komoni, lakini mwili unapoimaliza, usiku wa manane, usingizi hukatikakatika, ndoto huwa nzito na haja ndogo humwamsha. Pombe pia hulegeza misuli ya koo, na anayekoroma hukoroma zaidi. Kama baba hukoroma kisha anakaa kimya kama aliyekatika pumzi, halafu anashtuka, hilo ni la daktari hata akiacha ulanzi kabisa.

Mimi ni mjane, naishi Iringa mjini. Tangu mume wangu afariki, miezi mitano sasa, silali. Nimejaribu maziwa, mchaichai, asali, uji wa ulezi, kila kitu. Sasa nanunua vidonge vya diazepamu dukani, na kimoja hakinitoshi tena. Kuna kinywaji gani kingine?

Pole sana, dada yangu. Sitakutajia kinywaji kingine, kwa sababu nitakuwa nakupotezea muda. Mtu akikosa usingizi angalau usiku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, hali hiyo ni ugonjwa unaohitaji tiba, na huzuni ya msiba uliyoibeba haiondolewi na kikombe. Hukukosea kuchagua vinywaji. Umepewa mzigo mkubwa kuliko vinavyoweza kubeba.

Vidonge hivyo vinanitia hofu. Mwili huvizoea haraka, ndiyo maana kimoja hakitoshi tena, na unapoongeza kipimo unajisogeza kwenye utegemezi. Wakati huohuo usiviache vyote kwa mara moja, maana kuacha ghafla baada ya kuvitumia kwa muda kunaweza kuleta kutetemeka, kukosa usingizi kabisa na hata degedege. Daktari ndiye atakayekupunguzia hatua kwa hatua. Tiba inayopendekezwa kwanza kwa ukosefu wa usingizi wa muda mrefu ni ya mazungumzo, inayorekebisha mazoea na fikra zinazomkesha mtu: kuamka saa ileile kila siku bila kujali umelala kiasi gani, kutoka kitandani unapokaa macho muda mrefu badala ya kupigana na usingizi humo, na mengine utakayoelekezwa.

Nenda wiki hii hospitali ya wilaya au ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili, na usione haya kulitaja jina hilo mapokezi. Andika kwenye karatasi saa unayopanda kitandani, saa unayodhani umelala na saa unayoamka kwa siku chache kabla ya kwenda. Vidonge ulivyobaki navyo na pakiti yake uende navyo, umweleze daktari kwa uwazi unameza vingapi na tangu lini. Kama kuna usiku unaojiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri siku ya miadi. Mwamshe ndugu au jirani akufikishe hospitali usiku huohuo.